Uji wa Sikitu

Somo yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na yako sina ruhusa ya kuiuliza. Nakuombea kauli thabiti na kaburi lenye nafasi; mengine anayajua Mwenyewe. Hukujua kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa nikikusomea barua za mwanao aliyeko Lamu, nikizifupisha pale anapoomba na kuzirefusha pale anaposalimu. Hii sasa nani atakusomea, sijui. Naiandika hivyo hivyo, kwa hati ile ile ya Kiarabu ya chuoni uliyokuwa ukiitambua kwa sura tu, kwa sababu nina habari njema na sina pa kuipeleka. Nikimwambia mavyaa, mama yake Khalfan, atasema mke wa mwanawe ameanza kujisifu. Wewe ulikuwa ukiniruhusu nijisifu kidogo, tena ukinisaidia.

Lakini kwanza nikupe mabaya, tuyamalize.

Kazi yako haikunijia, Somo. Wewe uliyenifunda nikiwa mwari ukanipeleka kwa mume, kisha ukanitoa kwa mlango wa nyuma nije nikushikie taa kwa wanawake waliojifungua, ulidhani ukiondoka wataniita mimi. Mimi pia nilidhani. Miaka yote ile nilikukorogea uji, nikakuchujia maziwa, nikakusokotea pamba safi ya kuwadondoshea wale watoto waliokuja kabla ya wakati wao, wengine wadogo wa kulala ndani ya upawa. Mji mzima ulijua kwamba mtoto asiyeweza kunyonya ni wa kuletewa wewe.

Hitima yako haijapoa, wakaniita Kibokoni. Mtoto alikuwa keshachoka kabla sijavua viatu. Nilifanya yote uliyonifundisha, moja baada ya jingine, na ajali yake ikafika, akatutoka. Hakuna aliyenilaumu usoni. Ila Bi Rukia, huyu wa dirisha la mkabala, unamjua, alisema dukani watu wakisikia: "Mkono ulikuwa wa marehemu. Yule mwenziwe alikuwa akishika taa tu."

Basi. Toka siku ile hakuna aliyebisha mlango. Na kibaya zaidi ni kwamba nami nilianza kumwamini. Nilikuwa nikipeta mchele, naitazama mikono yangu juu ya ungo, naiona ni ya mtu mwingine. Nililia sana, Somo. Sikukulilia wewe tu, nisikudanganye. Nilijililia na mimi.

Ndipo alipokuja mbwa.

Usishtuke. Kaa vizuri nikueleze.

Ami yake Khalfan aliyeko Maskati alimwahidi zamani, kabla ya vita, kumletea saluki. Ni mbwa wa Kiarabu wa kuwindia, mwenye miguu mirefu na pua nyembamba, asiyeshikika kwa mbio. Babu yao alikuwa nao, na Khalfan tangu utotoni husimuliwa habari zao kama wengine wanavyosimuliwa habari za majini. Vita vikaziba njia. Sasa vita vimekwisha, na ami ni mtu wa ahadi: likaja gunia la tende, na pamoja nalo likaja pakacha. Nilipoliona pakacha nilidhani ni tende zaidi. Nikalifungua, nikakuta ngozi iliyotandikwa juu ya mifupa, miguu minne mirefu isiyojua kazi yake, na macho mawili yaliyonitazama bila kuomba kitu.

Mavyaa alikuja, akachungulia, akarudi nyuma hatua nyingi kuliko nilivyodhani magoti yake yanaweza. "Mbwa nyumbani mwangu? Malaika watapita wapi?"

Khalfan akaenda kumuuliza mwalimu wa msikitini. Akarudi na jawabu kwamba mbwa wa kuwinda anafugika, ila mate yake na maji yake ni najisi, na popote yatakapogusa paoshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Mavyaa akakubali kwa shingo upande. Akae uani, asivuke kizingiti cha jiko, na akifa, atolewe, yeye mavyaa asiambiwe. Kwa hali niliyomwona nayo yule mtoto wa mbwa, ilikuwa ni kumwambia Khalfan akatafute jembe.

Unamkumbuka Khalfan wangu, ulikuwa ukimwita Bwana Pole. Upole wake karibu umuue mbwa. Alisema huyu katoka Uarabuni, chakula chake ni tende. Akaziponda tende kwa samli, akachanganya na wali, tena wali wa fungu lake mwenyewe, na hapa mjini mchele ungali wa kupimiwa na watu wanakula unga wa njano. Akajaza bakuli, mbwa akala mpaka chini. Sisi tukafurahi. Hata kabla ya adhuhuri tumbo likamvimba kama ngoma, kikamtoka huku na huku, akalala ubavu asiweze hata kuinua pua. Khalfan, mtu mzima, karani wa forodhani mwenye kofia ya vito, alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akilia.

Mimi nilikuwa nikipita na ndoo. Sikuwa na nia yoyote, naapa. Lakini nilipomtazama yule mnyama nilikusikia, Somo, kwa sauti yako ile ya kukoromea wazazi wanaoharakisha: "Usimshibishe. Mzoeshe."

Nikaweka ndoo chini.

Nilianza na maji ya uvuguvugu, chembe ya chumvi na sukari guru, kwa pamba iliyosokotwa, kwenye pembe ya mdomo, tone, kisha nangoja ameze. Nilipomwona anameza bila kutapika, nikachemsha vichwa vya samaki, vile vinavyotupwa sokoni bure, nikauchuja mchuzi wake ukawa mweupe. Siku zilizofuata nikaukorogea unga wa njano kidogo, uji mwepesi wa kumwagika. Kisha nikatia minofu ya samaki niliyoichambua miiba kwa vidole, kisha ini la mbuzi, kipande cha ukubwa wa ukucha. Kidogo, na mara nyingi. Adhana ikawa ndiyo saa yangu. Kila ikilia nasali kwanza, kisha namlisha yeye, ili najisi isinikute kabla ya sala. Mara tano kwa siku, na kila mara kiasi cha kumwacha anataka.

Khalfan alikuwa akisema namuonea. Nikamwambia aende forodhani akaonee watu wake.

Halafu nikakumbuka jambo lako jingine. Wewe ulikuwa ukiingia nyumba ya mzazi, wote wanakuinulia mtoto wakuoneshe uso, na wewe uso huutazami. "Nionesheni winda." Ndiyo ilikuwa salamu yako, na huketi mpaka umeona choo cha mtoto kwenye kitambaa alichofungwa. Sikitu hakuwa na winda lakini ua ulikuwa wazi, nami nikachutama nikatazama, nikaona kinachokula chakula chake. Minyoo, Somo. Nikakausha mbegu za papai, nikazitwanga, nikamtilia ndani ya mchuzi. Yaliyomtoka sitakueleza, ingawa wewe ungetaka nikueleze mpaka mwisho.

Nimeshalitaja jina lake kabla sijakwambia lilikotoka. Lilikotoka ni kwako. Watoto wako wadhaifu hukuwaacha waitwe majina mazuri mpaka wapate nguvu, wasije wakatazamwa kwa jicho baya. Huyu Takataka, yule Sikitu. Yule mbwa nilikuwa namlisha, mdomo ukasema wenyewe, "Meza, Sikitu, meza." Likamkaa.

Na kila baada ya kumlisha, kuosha. Nilichukua bakuli la bati likawa lake peke yake. Nikaweka gae lenye udongo mkavu karibu na mfereji wa uani, na kata ya maji. Mara ya kwanza kwa udongo, nasugua mpaka viwiko, kisha maji, kisha maji, mpaka saba zitimie, nahesabu kwa sauti nisije nikajidanganya. Mikono ilichubuka. Sikufanya hivyo kwa ajili ya watu, lakini dirisha la Bi Rukia linatazama uani kwetu, na Bi Rukia hajapata kulifunga tangu aolewe.

Maneno yakaenda. Unaujua Mji wa Kale, jambo hulisemi chumbani ila unalikuta msikitini. "Mwanajuma kaacha wana wa watu, kashika mbwa. Nani atakayempa mwanawe mikono ile?" Mavyaa ndiye aliyeniletea. Aliniita barazani ndani, akanikalisha, akasema bila ukali, na hilo ndilo lililonitia hofu: "Mwanangu, taa ya somo yako ukiitaka, muache mnyama huyu. Ukimlea, hapana mzazi atakayekuita tena."

Nikamjibu kwa adabu kwamba hapana anayeniita hata sasa.

Lakini moyoni niliumia. Usiku ule nilikaa nikafikiri: nikimwacha atakufa, na nitakuwa nimeshika viumbe viwili baada yako na vyote viwili vimenifia mikononi. Nikimlea akapona, sitashika mtoto tena maisha yangu. Nikaona afadhali nijue. Afadhali nijue kama hii mikono ina kitu, hata kama atakayefaidika ni mbwa mmoja.

Na akapona, Somo! Akapona! Asubuhi moja nilitoka na bakuli nikamkuta amesimama, miguu yote minne, anatetemeka, ananingoja. Nilimpigia kigelegele peke yangu uani kama mwendawazimu, kisha nikakumbuka dirisha, nikajifanya nakohoa.

Hapo nikafanya ujinga wa furaha. Nilitaka mikunjo mapajani. Wewe si ulikuwa ukifurahi ukiona mtoto ana mikunjo? Nikamuongeza uji mzito, nikamtia samli, akawa mviringo, na kila aliyechungulia akasema mashallah. Nikawa natembea kifua mbele. Kisha miguu ya mbele ikaanza kupinda nje, akawa anakwenda kama hamali mwenye gunia. Nikampapasa kwa viganja kama ulivyokuwa ukiwapapasa watoto, nikaona mwili umetangulia na mifupa imebaki nyuma, haijawa tayari kuubeba. Huyu ni mbwa wa kuwa mkubwa na mrefu, anatakiwa kukua taratibu. Nilikuwa namshibisha, na neno lako nimelisahau mara tu mambo yaliponinyookea.

Nikapunguza unga, nikaondoa samli. Nikampa vidagaa vizima vilivyochemshwa mpaka mifupa ikalainika, maziwa ya mbuzi yakipatikana, na jua la asubuhi, na nafasi ya kukimbia kutoka mfereji mpaka ukutani na kurudi. Nilimpima kwa kiganja: mbavu nizisikie zote bila kubonyeza, lakini nyama juu ya mgongo iwepo. Miguu ikanyooka. Alivyozidi kuwa mzima ndivyo alivyozidi kuonekana mwembamba, kiuno chembamba, kifua kirefu, na mbavu za mwisho zinaonekana akigeuka. Basi watu wakapata la kusema upya: kwa Khalfan mbwa ananyimwa. Khalfan mwenyewe alikuja na sahani ya wali ameificha chini ya koti. Nikamnyang'anya. Nikamwambia huyu ndivyo alivyoumbwa, na kama anataka kitu kinene akanunue mbuzi wa Idi.

Siku Khalfan alipompeleka mbwa pwani ya Kibarani, maji yametoka na mchanga umeshikana, mavyaa alisema anakuja, asije mwanawe akavunjika mguu. Tukaenda kwa gari la punda, tukakaa mbali ndani ya mabuibui yetu. Rafiki yake Khalfan ana baiskeli, na alikuwa amejigamba dukani kwamba hakuna mnyama wa kula uji wa wanawake atakayeishinda. Wakamwacha mwenye baiskeli atangulie, mbali kabisa. Kisha Khalfan akafungua kamba.

Somo, sijui nikwambie vipi. Nimezoea kuona viumbe wakinyonya, wakilala, wakipumua. Nikawa nashukuru kwa hayo. Sikuwahi kuona kiumbe nilichokilisha kwa pamba kikiruka hivyo. Hakuwa anagusa chini. Mgongo unajikunja na kukunjuka, na ile miguu iliyokuwa haijui kazi yake, kumbe kazi yake ilikuwa hii. Alimpita mwenye baiskeli, akaenda, akageuka, akampita tena akirudi, yule mtu bado anakanyaga. Watu wa pwani waliacha mitumbwi wakapiga makofi. Na kando yangu, ndani ya buibui, kikatoka kigelegele kirefu cha mtu ambaye hajakipiga tangu harusi yangu. Mavyaa! Kisha akajirekebisha, akaniuliza kwa sauti kavu kama yule mnyama kesha kula.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa habari, na ningeridhika. Nilishajua mikono ni yangu. Kumbe.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, niko mferejini nahesabu, nimefika nne, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Bi Rukia. Yeye mwenyewe, hana hata kanga ya kichwani sawasawa. Akasimama. Nikamaliza tano, sita, saba, maana nilisema hata awe nani sitaacha kati. Ndipo akasema, na maneno yake nayaandika kama alivyoyatoa:

"Nimekuona, Mwanajuma. Kulla siku nakaa dirishani kungojea siku utakayoosha mara sita. Sikuiona. Ndoo mwanangu, ndoo kwangu upesi. Mwana wa binti yangu hanyonyi."

Nilivuka ujia na mikono yangu imelowa.

Mtoto alikuwa wa kike, kabla ya mwezi wake, mwekundu, sauti yake kama paka wa mbali. Wamemkorogea asali na samli, tayari kumjaza, maana walikuwa na hofu, na hofu hutaka kushibisha. Nikaitoa ile asali chumbani. Nikamkamua mama yake, nikasokota pamba, nikaanza: tone, nangoja, tone. Sikutetemeka, Somo. Nilikuwa nimeshayafanya haya mara tano kila siku, na tumbo lililojifunza kwangu lilikuwa limelala uani mkabala, zima, linangoja magharibi. Nikamfunga kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, nikawafunika kanga mbili, nikakataa wageni, hata shangazi zake. Alfajiri mpaka isha nilikuwa huko, narudi kwetu kumlisha yule mwingine, naosha, navuka tena.

Siku aliyoanza kunyonya mwenyewe ndiyo siku niliyotaka kufa kwa aibu. Amekamata titi, anavuta, koo linapanda na kushuka, wanawake wote wameshika pumzi, na mimi kwa furaha ulimi ukanitoka: "Meza, Sikitu, meza."

Dirisha lile liko wazi siku zote. Hakuna mtu katika nyumba ile asiyelijua jina lile na mwenyewe ni nani. Binti yake Bi Rukia akanitazama. Nikatafuta pa kuuficha uso. Bi Rukia alikuwa ameketi kitandani miguuni pa mwanawe, tasbihi mkononi, mwanamke asiyekunywa maji nyumba ambayo kuku amepita sebuleni. Akaisogeza punje moja ya tasbihi, kisha nyingine.

"Mwite hivyo hivyo," akasema. "Wa kwanza si kapona?"

Jana imetimia arobaini, wamemtoa nje. Ana mikunjo, Somo, kidogo tu, ya haki yake. Wamempa jina zuri kwa mwalimu, lakini nyumbani ni Sikitu, na bibi yake ndiye analiita kwa nguvu kuliko wote, akisahau kwamba akiita dirishani wanageuka wawili. Na juzi nimeitwa nyumba mbili za Kuze, zote wananitumia watu kwa mlango wa mbele. Mavyaa anawajibu yeye, "Ngojeni, anaosha mikono," kwa sauti ya kusikika mpaka njiani.

Taa yako ninayo, nimeibadilisha utambi. Nakuahidi mbele ya Mungu kwamba sitamjaza mtu kwa ajili ya hofu ya watu, wala kwa ajili ya furaha yangu. Atakayekuja kwangu mdogo nitamzoesha dunia hii tone kwa tone, na yule ambaye ajali yake imefika nitakuwa naye mpaka mwisho, sitaitazama tena mikono yangu kwa ubaya. Na nitamfundisha mwingine. Nitamshikisha taa, kisha siku moja nitamwambia kazi haikuwa kushika taa tu, jambo ambalo wewe hukuwahi kunipa nafasi ya kulisikia, Mungu akusamehe.

Alasiri inaadhiniwa. Nitasali, nitavuka kwa Bi Rukia kwanza, kisha nirudi kwa yule wa uani, na hesabu yangu baadaye. Wataniinulia mtoto wanioneshe uso wake, umenawiri, wanajivuna nao. Nitakachowaambia mlangoni unakijua.

Lala salama, Somo yangu. Winda ni safi.

Mwari wako,
Mwanajuma